Talea wa Pili

6 Septemba
Daftari hili nililinunua la kuandikia unyevu wa soya. Kurasa tatu za mwanzo ndizo hizo, namba tupu. Kuanzia leo naandika mengine, maana nikiyaweka moyoni nitapasuka.

Daktari amesema moyo wa mama mkwe umechoka. Anaweza kufika Krismasi, anaweza asifike. Delmar, mume wangu, alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akatoka kwenda kuipaka grisi kombaini, mashine yetu ya kuvunia. Ndivyo walivyo wanaume wa ukoo wa Bohlen, ukiwapa habari mbaya wanatafuta grisi.

Alipotoka tu, mama mkwe akaniita chumbani.

"Verlene, funga mlango. Kaa."

Nikashtuka. Miaka thelathini na minne nimeolewa hapa, na mbele za watu naitwa "binti wa Ray". Ray Tuttle ni baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua wa mashamba ya watu. Mama mkwe hajawahi kuniacha nisahau.

"Unalijua kaburi la Talea?"

Nani asiyelijua? Liko nyuma ya kanisa, jiwe dogo jeupe: Talea Frerichs, 1934–1940. Na mama mkwe naye kabla ya kuolewa alikuwa Talea Frerichs. Hakuna anayeshangaa. Hawa wazee wetu waliotoka Ujerumani, pwani ya kaskazini, walikuwa hivyo: mtoto akifa, anayemfuata anapewa jina lake, ili jina lisipotee nyumbani.

"Mimi nimezaliwa lini?" akaniuliza.

"Februari, mwaka thelathini na saba."

"Na yeye kafa lini?"

"Arobaini. Desemba."

"Haya, nihesabie. Alipokufa, mimi nilikuwa na miaka mitatu na ushei. Miaka hiyo yote nilikuwa naitwa nani?"

Kila Mei napeleka maua pale, na hesabu hiyo ya mtoto wa darasa la pili haijanijia hata siku moja.

Yeye ilimjia akiwa na miaka kumi, Jumapili moja, amesimama mbele ya jiwe. Akamuuliza mama yake. Akazabwa kibao cha mdomo, hakuuliza tena. Miaka sabini na mitano amekaa nalo.

"Sitaki kuzikwa kwa jina la mwenzangu," akasema. "Nitafutie langu."

"Kwa nini mimi, Mama? Kwa nini si Delmar?"

"Delmar ataniambia nipumzike. Wewe mbishi. Nimekuchukia kwa ubishi huo, na sasa nauhitaji."

Hata kuomba anaomba kwa matusi!

7 Septemba
Mvua. Soya bado mbichi.

12 Septemba
Nimeshinda maktaba ya mjini na Arlys, mkutubi, ambaye anapenda wafu kuliko walio hai, na mimi simlaumu. Cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe hakina msaada: kiliandikwa mwaka arobaini na mbili, kwa kiapo cha mzee Frerichs mwenyewe. Mtu wa miaka mitano ndiyo kwanza anaandikishwa! Arlys akasema basi tuishike sensa, sensa ilipita nyumba kwa nyumba.

Tukaipata nyumba yao, Aprili 1940. Mistari minne tu. Hinrich Frerichs, miaka arobaini na mmoja, mkulima. Gesine, mkewe, thelathini na minane. Talea, binti yao, sita. Lena Voss, ishirini na miwili, mtumishi, hajaolewa.

Basi. Mtoto wa miaka mitatu hayupo.

Pembeni mwa jina la mtumishi kuna alama ya X ndani ya duara. Nilidhani ni doa la wino. Arlys akasema hapana, mwaka ule makarani wa sensa waliagizwa kumtia alama hiyo yule aliyewajibu maswali. Kwa hiyo karani alibisha hodi, wenye nyumba wako shambani, Lena akafungua mlango akawataja watu wa nyumba ile mmoja mmoja.

13 Septemba
Unyevu asilimia kumi na tano. Kesho tunaingia shambani.

19 Septemba
Soya nusu, halafu mvua tena. Delmar ananuna kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Chai kwa mama mkwe. Chai ya kwao ina masharti: kipande cha sukari ya mawe chini, maziwa mazito juu, na haikorogwi. Mimi hukoroga. Miaka yote hiyo nakoroga makusudi, kijiko kikigonga kikombe, na yeye anafumba macho kwa uchungu. Huo ndio uliokuwa ugomvi wetu, tukizungumza hali ya hewa.

Nikamwambia nilichokiona. Nikamuuliza habari za Lena.

"Lena? Mtumishi wetu. Alikamua, alifua, alilala chumba cha nyuma ya jiko. Alikaa mpaka mama alipofariki, nami nilikuwa nimeshaolewa. Hakuwa na pa kwenda, akapelekwa makao ya wilaya, yale ya wazee wasio na mtu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa namna gani! Mtumishi." Akanywa chai kidogo. "Alikuwa na mazoea. Tukiwa wawili bandani aliniita Swaantje."

"Ndiyo nini?"

"Kwa lugha yetu ya nyumbani, kibata maji. Nilikuwa na shingo ndefu. Siku moja, nilikuwa na miaka tisa, nikamwambia: mimi si bata, jina langu Talea, na wewe ni mtumishi. Hakuniita tena."

Amelisema bila aibu, ametulia, mkono kwenye kikombe. Nikajiona mimi mwaka ule nilipoingia nyumba hii na sanduku langu moja, akaniambia mabinti wa vibarua hawajui kupanga meza. Nikakoroga chai mpaka ikapoa.

23 Septemba
Delmar leo kalipuka. "Tuna ekari mia sita zimesimama nje, na wewe unasoma majina ya wafu!" Nikamwambia mmoja wa hao si mfu, ni mama yake, na amelala chumba cha pili anasikia. Akachukua kofia. Grisi.

1 Oktoba
Sensa ya mwaka hamsini imefunguliwa mwaka huu. Huwa wanazifungia miaka sabini na miwili, nadhani ili wenye aibu wote wawe wameshakufa. Nyumba ya Frerichs: Hinrich, Gesine, Talea binti yao, kumi na mitatu. Na Lena Voss, thelathini na miwili, mtumishi. Yupo yuleyule.

Kwa hiyo mtoto aliingia kati ya hapo. Nimeanza kazi ya kichaa: kila mtoto wa kike wa miaka mitatu katika wilaya hii, mwaka arobaini. Nimewapata mia moja na sita. Kila mmoja namtafuta mwaka hamsini. Nikimkuta kwao ana miaka kumi na mitatu, namkata. Atakayebaki bila kwao ndiye.

4 Oktoba
Mahindi. Vumbi. Nimekata tisa.

6 Oktoba
Nimekata kumi na wanne. Mmoja alikufa kwa dondakoo. Sikumjua na nimekosa raha siku nzima.

9 Oktoba
Mama mkwe hawezi tena kufika mezani. Muuguzi anakuja mara mbili kwa wiki, anaitwa Nyla, mpole, na lazima kila safari aulize jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ndiyo sheria yao.

"Andika Talea," mama mkwe kamjibu. "Kwa sasa."

11 Oktoba
Upepo umelaza mahindi ya upande wa magharibi. Anga la kijivu tangu Jumamosi. Nimebakiwa na kumi na mmoja.

13 Oktoba
Wote kumi na mmoja nimewapata kwao. Orodha imekwisha. Sina la kumwambia.

14 Oktoba
Viganja vimechubuka kwa koleo, nitaandika hivyohivyo.

Asubuhi nilikwenda kumuaga Arlys. Akaniuliza kama nilifungua kurasa za mwisho kabisa, za shamba la maskini. Nilikuwa sijui kama zipo. Zamani kila wilaya ilikuwa na shamba lake la maskini, wakiwekwa humo wazee wasio na mtu, vichaa, na wanawake walioharibikiwa. Letu lilikuwa maili nane tu kutoka kwa akina Frerichs.

Majina hamsini na mawili. Mstari wa thelathini na saba: "Swanky Voss", jinsia ya kike, miaka mitatu. Kwenye faharasa ya kompyuta walikuwa wameandika Frank, mwanamume, ndiyo maana sikumkamata.

Na mimi nikacheka, maana swanky kwa Kiingereza ni mwenye mbwembwe! Nakiri. Nilimwambia Arlys, "Mama gani anampa mtoto jina kama hilo?" Tukacheka wote wawili. Lile Voss nililiona, nikajiambia Voss wamejaa wilaya nzima kama vumbi. Ilikuwa saa nne, Delmar ananisubiri na tela. Nikaondoka.

Saa nane mchana niko kwenye trekta, nakwenda sambamba na kombaini, mahindi yanamiminika kwenye tela. Kazi hiyo unaifanya bila kufikiri. Lile jina likawa linajirudia mdomoni. Nikajiuliza karani yule aliitwa nani. Jina lake lilikuwa pale juu ya ukurasa, Whitcomb, Mwingereza, hajui neno la Kijerumani. Ameambiwa jina la mtoto na mlezi wa pale, kaandika alivyosikia. Nikalitamka kama angelitamka mtu wa kwao. Swanky. Swanti. Swantye.

Swaantje.

Nilikanyaga breki. Kombaini ikaendelea, mrija wake ukamwaga mahindi chini, na Delmar akapiga kelele redioni: "Verlene! Verlene, tela liko wapi? Unamwaga, mama we, unamwaga!" Nilikuwa nasikia, siwezi kusogea. Mahindi yakamwagika rundo la kufika kiunoni. Delmar akashuka, anakuja na matusi yake yote tayari, akaniona uso, akayameza.

"Nini? Umeumia?"

"Nimempata."

Sikumwambia zaidi. Tulipakia yale mahindi kwa koleo mpaka jioni.

Sasa niandike ninavyoelewa. Lena Voss alizaa akiwa na miaka kumi na tisa, hana mume. Mtoto akawekwa shamba la maskini, yeye akaenda utumishi. Karani wa sensa alipobisha hodi, Lena ndiye aliyefungua. Akaulizwa: watoto wa nyumba hii? Akajibu: mmoja, Talea, miaka sita. Wa kwake alikuwa maili nane kutoka pale. Desemba Talea akafa. Na wenye nyumba, waliobaki na jina bila mtoto, wakamchukua mtoto wa mtumishi wakampa jina. Lena akabaki jikoni, miaka ishirini na zaidi, anamfulia mwanawe nguo, anamwandalia meza, na kwa jina lake anamwita bandani tu.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Furaha mbaya ilinipanda. Huyu mwanamke! Binti wa kibarua, binti wa kibarua, kumbe yeye ni binti wa mtumishi, tena asiye na baba! Nilijiona nimesimama mlangoni kwake namwambia. Niliifurahia picha hiyo kama dakika tano. Halafu nikakumbuka alivyosema: mimi si bata, na wewe ni mtumishi. Furaha ikanikauka. Nilijisikia mchafu.

15 Oktoba
Sijamwambia mama mkwe. Mvua.

16 Oktoba
Aliniuliza kwa macho. Nikasema bado natafuta.

17 Oktoba
Nimemwambia Delmar. Alisikiliza, kofia mkononi, na safari hii hakuivaa.

"Mpe jina," akasema. "Ameomba jina tu. Hayo mengine yaache."

"Delmar, mama yako anajua ni nani aliyekuwa akimwita hivyo. Nikimpa jina nimempa yote."

Akaigeuza kofia mikononi. "Basi usimwambie chochote. Mwambie hukupata."

"Azikwe kwa jina la marehemu?"

"Sijui, Verlene. Sijui!" Sijawahi kumsikia sauti ile.

18 Oktoba
Mvua. Hatuvuni.

20 Oktoba
Nilipeleka chai saa tisa. Nikakaa. Sikukoroga.

Akaangalia kikombe changu, akaniangalia mimi. "Umepata," akasema.

"Mama, ukiniambia ninyamaze nitanyamaza."

"Miaka sabini na mitano, we binti. Sema."

"Jina lako ni Swaantje."

Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Nilingoja alie, au anifukuze. Akauliza tu, taratibu, "Imeandikwa?"

"Imeandikwa vibaya, ila imeandikwa. Swaantje Voss. Miaka mitatu."

Akafumba macho muda mrefu, mpaka nikamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo.

"Alikuwa amebeba ndoo ya maziwa," akasema. "Siku ile nilipomwambia. Akaiweka chini. Akasema, 'Vyema, Talea.' Akainyanyua tena, akaenda zake. Hakulia. Nilimwona mjeuri."

"Ulikuwa mtoto, Mama."

"Mwaka themanini na tisa sikuwa mtoto."

Hapo nilijua anakwenda wapi, maana nilikuwepo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe. Simu ililia kutoka makao ya wilaya, mimi ndiye niliyeipokea, nikamkabidhi. Lena Voss amefariki, hana ndugu, watamzika kesho, kama kuna mtu wa nyumba ile angependa kuja. Nikamsikia mama mkwe anajibu. Alijibu vizuri, kwa adabu, akakata simu, akarudi kumenya tufaha.

"Nilisema tuko kwenye mavuno," akasema sasa. "Kwenye mavuno! Yeye ndiye aliyenifunga shela siku ya harusi yangu, kisha akala jikoni. Hakuna aliyemwita mezani. Hata mimi."

Akalia, na nisingependa tena kumwona mtu akilia hivyo, bila sauti, mdomo wazi. Nilipanda kitandani na viatu vyangu vya shambani, nikamkumbatia. Mwili wote ulikuwa mifupa.

"Niite," akasema.

"Swaantje."

"Tena."

Nikamwita mara nyingi. Nilipogeuka, Delmar alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi, machozi yanamtiririka hajui ayafute na nini.

22 Oktoba
Nyla kaja. "Jina kamili?"

"Swaantje Voss, binti wa Lena."

Nyla akapekua karatasi zake, akaniangalia. Nikamwambia, "Andika hivyohivyo."

26 Oktoba
Leo ndiyo kanigeukia: "Na wewe, Verlene. Baba yako, Ray. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza mpaka giza likaingia. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Koroga chai yako." Ndiyo samahani aliyoweza, na mimi nimeipokea.

31 Oktoba
Hataki kaburi la familia. Nilimwambia nafasi yake iko wazi pembeni mwa baba mkwe, jiwe limeshachongwa.

"Mume wangu atanisamehe," akasema. "Yeye nimelala naye miaka hamsini. Mama yangu sijalala naye hata siku moja ninayoikumbuka."

2 Novemba
Jua kali, mahindi makavu kabisa, na ekari mia mbili zimebaki. Saa nne asubuhi kombaini ikazimwa. Nikatoka mbio nikidhani imeharibika. Delmar alikuwa anavaa shati safi. Akaenda peke yake kwenye makaburi ya makao ya wilaya, kule hakuna majina, kuna namba tu kwenye vipande vya saruji, nyasi zimevifunika. Alirudi saa kumi, magoti yana udongo.

"Kwenye daftari lao Lena ni mia moja kumi na mbili," akamwambia mama yake. "Pembeni yake hapana mtu."

6 Novemba
Usingizi hana, chakula hagusi. Theluji ya kwanza, nyepesi.

9 Novemba
Amefariki alfajiri, nimemshika mkono. Mahindi bado yamesimama nje, ekari mia moja na tisini, na hakuna aliyeyataja.

10 Novemba
Tulikwenda kwa mtayarishaji wa maziko, bwana Ubben, mtu wa suti, aliyemfahamu marehemu tangu utotoni mwake. Ana fomu ya cheti cha kifo. Akaanza kujaza mwenyewe bila kuuliza: Talea, alipofika herufi ya tatu nikamwekea mkono juu ya karatasi.

"Chukua fomu nyingine," nikasema. "Jina la marehemu ni Swaantje. S, W, A mbili. Tafadhali usikosee, lilishakosewa."

Akamtazama Delmar, akitumaini atamsikia mwanamume. Delmar akasema, "Umeambiwa."

"Cheti chake cha kuzaliwa kina jina jingine."

"Weka na hilo mbele yake," nikasema, "kwamba aliitwa pia hivyo."

Akaandika. "Jina la mama mzazi? Gesine, sivyo?"

"Lena Voss."

Kalamu ikasimama. Anamjua Lena, mji huu kila mtu anamjua mtumishi wa kila mtu. "Lena yule wa..."

"Huyo."

"Na baba?"

"Acha wazi."

Akashuka mpaka mstari wa mwisho. "Jina la mtoa taarifa?"

"Verlene," nikasema. "Binti wa Ray Tuttle, kibarua."

Akanisogezea fomu nitie sahihi. Nikatia. Kisha pembeni mwa jina langu, kabla hajaivuta karatasi, nikachora X ndogo, na nikaizungushia duara.